Mali ya Asiyekuwapo

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii hutumika kumhimiza mtu ahudhurie kikao au ugawaji wa shamba, maana akikosa, fungu lake litasahauliwa. Ni methali ya kweli, tena ya kusikitisha. Inatuambia jinsi watu walivyo, wala haituambii jinsi wanavyopaswa kuwa. Hapa nataka kumtazama mtu ambaye kazi yake yote, akiifanya vema, ni kuikanusha methali hiyo. Naye ni dereva wa lori anayehamisha vyombo vya nyumbani kwa safari ya mbali.

Kwa sisi tuliotumikia ualimu, mtu huyu si mgeni. Barua ya uhamisho ikifika, mwalimu hupanda basi na wanawe, na vyombo hufuata kwa lori. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kwa siku mbili au tatu kitanda, cherehani, vitabu, vyeti na picha za wazee waliotangulia, vyote vimo mikononi mwa mtu mliyefahamiana jana asubuhi. Mwenyewe hayupo. Je, lake lipo?

Wengi hudhani ujuzi wa dereva ni usukani tu. Kwa mhamishaji, nusu ya kazi hufanyika gari likiwa limesimama. Vizito hukaa chini na kuelekea mbele, na uzito hugawanywa sawa kulia na kushoto, lori lisije likalalia upande kwenye kona. Kioo husafiri kikiwa wima, kimebanwa katikati ya magodoro. Kikilazwa, mtikisiko hukivunja. Jokofu nalo husimamishwa, maana likilazwa mafuta ya kompresa huweza kuingia katika mabomba ya gesi. Kamba hukazwa, kisha hukaguliwa tena baada ya mwendo mfupi, kwa sababu mzigo ukitikisika hujipanga upya na kamba hulegea. Turubai hufungwa hata kama mbingu ni safi, kwani hali ya hewa ya utokako siyo ya upitako.

Ndipo huja barabara yenyewe. Akifika mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, dereva aliyefunzwa huingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, ili injini isaidie kulizuia gari, naye atumie breki kwa kiasi. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu, na lori likishashika kasi, gia aliyoichelewa huenda asiipate tena.

Haya yote yanafundishika. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoko Mabibo, Dar es Salaam, kinafundisha udereva, na vyuo vya VETA pia. Mtahini huthibitisha, na leseni ya daraja E hutolewa. Njiani ipo mizani, inayohakikisha kwamba lori na tela lake havizidi tani 56. Lakini mizani hupima uzito tu. Haijui kama gunia la mkaa lililookotwa njiani kwa malipo ya pembeni limewekwa juu ya godoro la mtoto wa watu. Wala mtahini hayupo Kitonga saa nane za usiku, dereva anapolitoa lori kwenye gia liserereke lenyewe, ili abakize dizeli ya kuuza.

Watu husema juu ya dereva kama huyo, “Ni fundi hasa, ila si mwaminifu,” kana kwamba ufundi na uaminifu ni mizigo miwili inayopakiwa mbalimbali. Mimi sikubaliani nao. Kama kazi yake ingekuwa kulisogeza lori tu, ningewakubalia. Lakini kazi aliyopewa ni kuifikisha nyumba ya mtu mwingine. Anayejua mahali pa kuweka kioo, kisha akaweka mkaa juu yake, hana ufundi wa kazi hiyo. Anao wa kazi nyingine aliyojitungia mwenyewe.

Katika utumishi wangu nilihamishwa mara tano. Dereva mmoja, alipomaliza kupakia, aliomba daftari akaorodhesha kila kitu, hata kinu na ungo. Mke wangu akacheka. “Cheka tu, mama,” akamwambia, “lakini kitu kisichoandikwa, barabarani hakina mwenyewe.” Yule bwana aliielewa methali ya wahenga kuliko wengi tunaoifundisha darasani.

Je, moyo wa namna hiyo hufundishwa? Aristotle alishika kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu, kama mjenzi anavyopata ujenzi kwa kujenga. Shule ya jambo hili, kwa madereva, ni kiti cha utingo. Lori likiharibika, utingo huweka mawe nyuma ya magurudumu na matawi barabarani kuwaonya wajao. Gari likitengemaa, kila mtu amechoka na usiku unaingia. Hapo dereva mmoja atasema, “Panda twende.” Mwingine atasema, “Yaondoe mawe kwanza.” Mtu wa pikipiki atakayepita pale gizani hajulikani jina, wala hatajua kamwe kwamba aliokolewa. Naye ni asiyekuwapo. Utingo aliyeyaondoa mawe hayo kwa miaka mitatu, siku akipewa usukani, hatahitaji kuhubiriwa juu ya kabati la mwalimu.

Lakini haki ina pande mbili. Sisi wenye vyombo hubana nauli mpaka mwisho, kisha twataka mzigo ufike kesho alfajiri. Katika hesabu hiyo usingizi wa dereva haumo, wala wanawe wanaomngojea. Tukimsahau yeye, tunamfundisha naye kutusahau.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapohama, usimwulize dereva ameendesha miaka mingapi tu. Mpe muda wa kulala njiani, na umlipe bei inayomwezesha kuutumia. Kisha kaa kando umtazame anavyosema na utingo wake, na utingo anavyolishika sanduku anapodhani kwamba wewe umekwisha kuingia ndani.