Mizani ya Uhai

Figo mbili za mwanadamu ni viungo vidogo. Kila moja yapata ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, na umbo lake ni mfano wa punje ya haragwe. Zimejificha nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo, na mtu mzima aweza kuishi miaka mingi asizikumbuke hata siku moja. Walakini kazi yao ni kubwa. Kwa usiku na mchana mmoja huchuja lita 180 hivi za maji kutoka katika damu, zikarudisha mwilini karibu yote, na zikatoa lita moja au mbili tu pamoja na takataka. Zikiharibika zote mbili, kwa kisukari au kwa shinikizo la damu au kwa maradhi mengine, takataka hizo hubaki ndani, na mgonjwa hufa kwa sumu iliyotengenezwa na mwili wake mwenyewe. Vizazi kwa vizazi hapakuwa na mganga aliyeweza kuuzuia mwisho huo.

Mahali pasipo dawa hapana lawama. Msiba huja, watu hulia, na hakuna anayeulizwa kwa nini hakutenda. Swali zito lilizaliwa siku dawa ilipopatikana, kisha ikaonekana kwamba haiwatoshi wote. Nakuomba msomaji ulitazame swali hilo pamoja nami, maana halikuwahusu waganga peke yao hapo zamani, wala haliwahusu wao peke yao leo.

Daktari wa kwanza aliyefaulu kumwokoa mgonjwa kwa mashine ya kusafisha damu alikuwa Willem Kolff wa Uholanzi. Alianza kuitumia mashine yake mwaka 1943 katika mji mdogo wa Kampen, wakati nchi yake ilipokuwa imetwaliwa na majeshi ya Ujerumani. Vifaa vilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Alichukua utando wa kufungia soseji, akauzungusha juu ya pipa lililoundwa kwa vipande vya mti, akalitia pipa katika beseni la maji ya chumvi, na damu ya mgonjwa ikapita ndani ya utando ule na kuacha uchafu wake majini. Wagonjwa wa mwanzo, kadiri ya kumi na watano, walikufa karibu wote. Mtu mwingine angalivunjika moyo. Kolff aliendelea, na mwezi wa Septemba 1945, vita vilipokwisha, aliletewa mwanamke wa miaka 67 aliyekwisha kuzimia. Mwanamke huyu alitoka kifungoni. Alikuwa amefungwa kwa kosa la kuwa upande wa Wanazi, watu waliokuwa wameitesa nchi yake miaka mitano.

Haikosi walikuwako watu wa mji walioona kwamba mashine ile ingefaa kungoja mtu mwema zaidi. Kolff mwenyewe hakuwa rafiki wa Wanazi hata kidogo. Lakini alikuwa na mgonjwa mbele yake, na mashine ilikuwa tupu, akamfunga mirija. Baada ya saa chache mwanamke akafumbua macho, akasema, akaishi miaka mingine kadhaa mpaka alipokufa kwa ugonjwa usiohusu figo. Inasimuliwa kwamba habari ya kwanza aliyoitoa alipozinduka ni kwamba atamwacha mumewe, ambaye aliwachukia Wajerumani. Kama kisa hiki ni kweli, basi uhai wa kwanza kuokolewa kwa figo ya bandia haukuokolewa kwa sababu ya wema wa mwenyewe, wala haukulipwa kwa shukrani.

Sasa tuvuke bahari. Mashine ya Kolff ilikuwa na upungufu mmoja: kila ilipotumiwa iliharibu mishipa ya damu, hata baada ya mara chache hapakuwa na mahali pa kuingiza mirija. Kwa hiyo iliwafaa wale ambao figo zao zingepona baada ya siku kadhaa, lakini haikuwafaa wale ambao figo zao zimekufa kabisa. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner wa mji wa Seattle, Marekani, aliupata ufumbuzi. Alitia mkononi mwa mgonjwa mrija mdogo wa teflon uliounganisha ateri na vena, akauacha pale siku zote, ukawa kama mlango unaofunguliwa na kufungwa. Mgonjwa wake wa kwanza, fundi wa mitambo aliyekuwa ukingoni mwa kaburi, aliishi zaidi ya miaka kumi.

Habari hii ilikuwa ya furaha, na ndani ya furaha ile ndimo lilimokaa tatizo. Mgonjwa wa aina hii haponi. Husafishwa damu kila juma, maisha yake yote. Kwa hiyo kitanda kilichokwisha kupata mtu hakipati mwingine. Kituo cha Seattle kilipofunguliwa mwaka 1962, vitanda vilikuwa vichache, gharama ilikuwa maelfu ya dola kwa mtu mmoja kila mwaka, na wagonjwa walikuwa wengi. Madaktari waliona si haki wao peke yao kushika ufunguo wa uhai. Wakaunda kamati ya watu saba wa mji: mwanasheria, mchungaji, mkuu wa benki, mama wa nyumbani, mtumishi wa serikali, kiongozi wa wafanyakazi, na daktari mpasuaji. Majina yao yalifichwa. Hawakulipwa, na wagonjwa waliowahukumu hawakuwaona kwa macho. Walisoma habari zao katika karatasi.

Kwanza madaktari waliwaondoa waliopita miaka 45, na watoto, na wale ambao miili yao ilikuwa na maradhi mengine makubwa. Waliobaki wote walifaa kutibiwa. Hapo ndipo kamati ilipochukua mizani. Je, mtu huyu ameoa? Ana watoto wangapi? Elimu yake ni ya kiasi gani? Ana kazi gani, na mali gani? Huenda kanisani? Ametenda nini kwa ajili ya mji wake, na yamkini atatenda nini? Mwezi wa Novemba 1962 mwandishi Shana Alexander alieleza habari za kamati hii katika gazeti la Life, na Wamarekani wengi wakashtuka.

Sitaki nionekane kuwadhihaki watu saba wale. Kazi waliyopewa yaweza kumnyima mtu usingizi, na kama wangaliikataa, wagonjwa wasingaliongezeka kupona hata mmoja. Zaidi ya hayo, hoja yao si ya kipumbavu. Chukua wagonjwa wawili: mama wa watoto sita, na kijana asiye na mke, mlevi, ambaye hakuna anayemtegemea. Moyo wa kila mtu humwendea mama. Akifa kijana, huzikwa mtu mmoja. Akifa mama, nyumba nzima hubomoka. Ninakiri kwamba kila ninapoufikiri mfano huu mkono wangu nao huelekea kwa mama.

Lakini mfano huo ni rahisi kwa sababu tumeuchagua uwe rahisi. Tuubadili kidogo tu. Mmoja ni baba wa watoto watatu, mwenye duka na akiba benki. Wa pili ni baba wa watoto watatu, kibarua asiye na kitu. Nani mzito? Ukisema mwenye duka, kwa kuwa ameufaa mji, umeufanya umaskini kuwa kosa la kuuawa. Ukisema kibarua, kwa kuwa watoto wake watakufa njaa, umemwadhibu mwenye duka kwa kuwa alijiwekea akiba. Au mmoja ni karani mwenye adabu, wa pili mtunga mashairi asiyelipa kodi ya nyumba kwa wakati. Kamati ya wenye benki itamchagua nani? Mwaka 1968 daktari mmoja wa maradhi ya akili na mwanasheria mmoja waliiandikia kamati ya Seattle lawama kama hii: ya kwamba ilipima watu wote kwa kipimo cha watu wa hali ya kati, yaani kwa kipimo cha wanakamati wenyewe. Mimi naona lawama ile ilikuwa ya haki. Mizani yaweza kuwa safi, na mpimaji asiwe na hila, na bado mawe ya kupimia yakawa yametoka nyumbani kwake.

Iko sababu nyingine, ambayo kwangu ni kubwa zaidi. Mtu akinyimwa kitanda kwa kuwa vitanda vimejaa, amepatwa na bahati mbaya. Akinyimwa baada ya maisha yake kusomwa na kupimwa na kuonekana hafifu, ameambiwa jambo jingine kabisa: ya kwamba ameishi miaka arobaini na haikutosha. Atakufa kwa ugonjwa ule ule, lakini atakufa amehukumiwa. Wazee wetu husema mgonjwa haulizwi uji. Kama haulizwi ikiwa anautaka, itakuwaje aulizwe ikiwa anaustahili?

Basi tufanyeje, na mashine ni moja na wagonjwa ni kumi? Kwa maoni yangu, madaktari na waseme nani aweza kufaidiwa na matibabu, kisha waliosawa wapangwe kwa zamu ya kufika, au wapigiwe kura. Najua kura huonekana kama kitendo cha watu waliokimbia kufikiri. Tena yaweza kumpa kitanda mlevi na kumwacha mama wa watoto sita, na siku hiyo sitakuwa na neno la kuwaambia watoto wale, ila kwamba hakuna mtu aliyemwona mama yao kuwa duni. Ni faraja ndogo. Wala zamu haikosi udhalimu: anayekaa karibu na hospitali hufika kwanza, na anayetoka mbali, kwa miguu na kwa basi, hukuta foleni imekwisha kuwa ndefu. Hata neno la daktari, ambalo twaliona kuwa ni elimu tupu, laweza kubeba upendeleo. Kule kusema miaka 45 badala ya 46 hakukutoka mbinguni.

Wamarekani walijitoa katika shida hii kwa njia ya fedha. Mwaka 1971 mgonjwa mmoja alisafishwa damu mbele ya kamati ya Bunge lao, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kwamba serikali ilipe gharama ya karibu kila mtu aliyepotewa na figo. Kamati za namna ya Seattle zikaisha kazi. Walakini figo za kupandikiza hazinunuliwi kwa hazina ya serikali, na hata leo katika nchi hiyo maelfu ya watu wamo katika orodha ya kungojea, na wataalamu hubishana juu ya kanuni za nani atangulie.

Sisi wa Kenya twaweza kudhani kwamba mambo haya yako mbali. Tangu mwaka 2015 mashine za kusafisha damu zimepelekwa katika hospitali nyingi za kaunti, na hakuna kamati ya watu saba inayouliza kama mgonjwa huenda kanisani au msikitini. Lakini figo za kupandikiza hapa petu hutolewa karibu zote na ndugu walio hai, na gharama nyingi hutafutwa kwa mchango. Barua hupelekwa, karamu hufanywa, simu hupita kutoka mkono hadi mkono, na watu hutoa. Hilo ni jambo jema, na nimeshuhudia maskini akitoa mpaka nauli yake. Ila jiulize tunawachangia kina nani. Mwalimu aliyefundisha nusu ya kijiji hupata haraka. Mwimbaji wa kwaya hupata. Kijana wa chuo mwenye marafiki wengi hupata kabla juma halijaisha. Mzee mkali aliyegombana na majirani juu ya mpaka wa shamba, mwanamke aliyehamia juzi ambaye hakuna ajuaye kwao, mtu aliyetoka gerezani, hao barua zao hurudi nyepesi. Hatukai mezani, hatuandiki majina, wala hatusemi kwamba tumepima. Twatia mkono mfukoni, au twauacha nje.