Dawa ya Kesho, Jua la Leo

Je, ni haki kutumia pesa nyingi kutafuta dawa ya kesho wakati kinga ya leo ipo na haimfikii kila anayeihitaji?

Chukua saratani ya ngozi. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, Wamarekani waliokuwa wakichunguza mnyoo mdogo sana, walionyesha jinsi kipande kidogo cha RNA kinavyozima ujumbe wa jeni. Vipande hivyo huitwa maikro-RNA, na mwaka 2024 wawili hao walipata Nobel. Kwenye saratani, baadhi hupungua na seli zikazaana ovyo. Wazo la tiba ni rahisi: rudisha kilichopungua. Kazi iko kwenye kurudisha. Dawa ya MRX34 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali, wakiwemo wa melanoma. Mwaka 2016 jaribio likasimamishwa baada ya wagonjwa 4 kufa, kinga za miili yao zilipochachamaa.

Sasa njoo sokoni Kongowea, saa saba mchana. Fikiria kijana mwenye ualbino anayeuza nyanya juani. Saratani inayomnyemelea kwa kawaida si melanoma, ni ile inayoanza kama kidonda kisichopona. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu, losheni ya jua, na daktari wa kukiona kidonda mapema. Basi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Hawajazi hata robo ya uwanja wa Kasarani. Serikali ina mpango wa kuwapa losheni bure, lakini chupa ikikosekana mwezi mmoja, jua halisubiri.

Kwa hivyo maabara zifungwe? Hapana. Ambaye saratani imeshamsambaa, losheni haimwokoi, na yeye pia ana haki ya kutumaini. Tena kile kijinyoo, nani angejua kitatufikisha hapa?

Ila mimi naona wajibu huenda na ujuzi. Dawa ambayo haijapatikana, hakuna wa kulaumiwa. Kinga tunayoijua tayari, tunadaiwa: kaunti inayopanga bajeti, mwenye soko asiyeweka kivuli, mwalimu wa Likoni anayesimamisha watoto paredi juani bila kuuliza nani hana kofia. Kukosa dawa ni bahati mbaya. Kuwa na kinga na kuiacha stoo ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.