Nusu Kidonge: Je, Nia Njema Inatosha?



Leo nawaletea habari ya paka. Najua wapo watakaocheka: frateri mzima, amemaliza falsafa, halafu anaandika kuhusu paka! Chekeni kidogo, kisha twende pamoja.

Nilikuwa likizo nyumbani Kondoa, kwa bibi. Bibi ana chumba cha nyuma anamoweka magunia ya mahindi na alizeti, na mlinzi wa chumba hicho alikuwa paka jike mwembamba tuliyemwita Sungusungu, maana kazi yake ilikuwa doria ya usiku. Asubuhi moja alirudi anachechemea. Ameng'atwa na mbwa, mguu wa nyuma umevimba, analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Huruma ikanishika. Nikachukua parasetamoli, ile ile tunayomeza sisi kichwa kikiuma, nikakata nusu kidonge, nikaisaga, nikachanganya na maziwa kidogo, nikamnywesha.

Akatema. Akaanza kutoa povu mdomoni na kutikisa kichwa. Nikasema moyoni, huyu mkaidi. Nikamfunga kwenye kanga ya bibi asinikwaruze, nikambana taya, nikampa nusu iliyobaki. Safari hii ikapita. Nikajisikia vizuri, yaani nilijiona Msamaria Mwema kabisa.

Jioni fizi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia. Uso umevimba, anahema kwa shida. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amekufa.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulimpa nini, baba?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bwana mifugo anakaa hapo njia panda. Ungemuuliza."

Siku hiyo ndiyo nilienda kumuuliza, wakati haisaidii tena. Alinieleza kwamba ini la paka halina uwezo kama wetu wa kuivunjavunja parasetamoli. Dawa inageuka sumu, inaharibu chembe nyekundu za damu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Mnyama anakosa hewa huku anapumua. Nusu kidonge tu inatosha kumuua paka. Akaniambia pia kuhusu dawa za viroboto zenye permethrini: mbwa anapakwa na anakuwa salama, paka akipakwa ile ya mbwa anatetemeka na anaweza kufa. Na lile povu? Akasema huenda lilikuwa uchungu wa dawa tu, kwa sababu paka anaweza kutoa povu hata kwa dawa iliyo sahihi. Kwa hiyo povu peke yake lisingeniambia kama nakosea au napatia. Lilikuwa linaniambia jambo moja: simama kwanza, uliza.

Sasa swali langu ni hili. Nilitenda dhambi, au nilipata bahati mbaya tu?

Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa mwepesi: ni paka. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, hainiachii njia hiyo. Inatufundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu na tunapaswa kuwatendea wema. Tunaruhusiwa kuwatumia kwa chakula, mavazi na kazi, lakini kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima yetu sisi wenyewe kama binadamu. Hapo hapo inatuonya tusiwape wanyama upendo unaowastahili watu peke yao. Basi simlilii Sungusungu kama ndugu yangu. Ila siwezi kusema kifo chake si kitu.

Utetezi wa pili ulikuwa mzito zaidi: nilikuwa na nia njema. Hapa falsafa niliyosoma ikanigeuka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatofautisha ujinga wa aina mbili. Upo ambao mtu hawezi kuuondoa hata akijitahidi; huo unamwondolea lawama. Na upo ambao angeweza kuuondoa, ila hakujishughulisha, huo haumsafishi. Katekisimu inarudia fundisho hilo namba 1791. Sasa jamani, bwana mifugo yuko njia panda, mwendo wa dakika kumi. Simu ilikuwa mfukoni na bando lilikuwepo. Asubuhi ile ile nilikuwa naangalia magoli ya jana. Ujinga wangu ulikuwa wa aina ya pili. Sikutaka kumuua, hilo Mungu analijua. Lakini sikutaka kuuliza pia, na hilo nalo analijua. Nililipeleka kwenye kitubio, na sikuona aibu.

Mtu atasema: frateri, tukisubiri kujua kila kitu, nani atamsaidia nani? Ni kweli. Hatudaiwi kujua kila kitu, ila tunadaiwa kuuliza pale inapowezekana. Tomaso anapoichambua fadhila ya busara, anaweka ndani yake utayari wa kufundishwa. Hakuna mwenye busara ambaye hafundishiki. Na sisi tunasema kuuliza si ujinga. Mtume Paulo, mwanzoni mwa barua kwa Wafilipi, anawaombea upendo wao uzidi kukua katika ujuzi na utambuzi. Ukisoma pale utaona hakuishia kwenye upendo. Maana upendo usiojua unaweza kumfunga mtu kwenye kanga na kumbana taya huku ukijisifu.

Kwa nini nakuandikia haya wewe kijana? Kwa sababu kuna mtu nilimfanyia hivyo hivyo.

Katika kundi letu la vijana alikuwepo mwenzetu ambaye alianza kukosa usingizi, anakonda, haongei. Alinifuata siku moja. Kabla hajamaliza sentensi ya pili nikamwambia, sali rozari, funga siku tatu, Mungu ni mwema. Akanyamaza. Nikaona hajaridhika, nikaongeza dozi: una imani haba. Hakurudi tena kwangu. Baadaye nikasikia familia yake ilimpeleka hospitali, akatibiwa, na namshukuru Mungu yuko hai. Lakini kunyamaza kwake siku ile kulikuwa ndilo povu lake. Nilikuona, nikakuita ukaidi.

Rozari siyo sumu, ndugu zangu, msinielewe vibaya. Naisali kila siku. Kosa langu ni kwamba sikumuuliza anaumwa wapi. Nilimpa dawa inayonifaa mimi, kwa kipimo changu mimi, nikaona kazi imekwisha.

Ndiyo maana inanigusa sana habari ya Bartimayo, sura ya 10 ya Injili ya Marko. Kipofu anapaza sauti barabarani. Kila mtu anaona tatizo lake ni nini. Bwana wetu analijua kuliko wote, na bado anamwita na kumuuliza anataka atendewe nini. Aliyejua, aliuliza. Mimi nisiyejua, sikuuliza.

Tofauti kati ya paka na rafiki yako ni hiyo. Paka hawezi kujibu, kwa hiyo unamuuliza anayemjua paka. Rafiki yako anaweza kujibu, kwa hiyo unamuuliza yeye, unasubiri amalize, na jambo likikuzidi unamsindikiza kwa anayeweza: kwa padre, kwa daktari, kwa mzazi. Msamaria mwenyewe alimfunga yule mtu majeraha, kisha akampeleka nyumba ya wageni na kumkabidhi kwa mwingine. Hakuona haya kusaidiwa.

Bibi amepata mtoto wa paka kutoka kwa mzee jirani yetu, Mwislamu mwenye kupenda paka sana. Kabla ya kumkabidhi alinitazama mimi, siyo bibi, akasema, "Huyu akiumwa, njoo kwanza."

Wiki hii jiulize: nani ananyamaza ninapomshauri, nami namwita mkaidi?

Tusali. Ee Bwana, utupe moyo wa huruma, na pamoja nao unyenyekevu wa kuuliza. Uwaponye tuliowaumiza tukidhani tunawasaidia. Amina.

Niombeeni, nami nawaombea.