Mchagua Jembe

Mchagua jembe si mkulima. Methali hii niliwafundisha walimu wanafunzi kwa miaka mingi, nikiwakemea nayo wale waliolalamikia chaki na madawati. Mwaka juzi nilimkemea nayo mjukuu wangu. Alikuja Singida likizo na ndege ya mfano ya kuongozwa kwa redio, aliyoichonga kwa lile povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni. Ndege ilikuwa tayari, lakini wiki nzima alikuwa akilinganisha bei na vipimo vya sevo, asinunue hata moja.

"Babu," alinijibu kwa upole, "jembe baya litanichosha mimi. Sevo mbaya itaiangusha ndege, nayo haichagui kichwa cha kuangukia."

Nikamwomba anieleze. Sevo ni kikasha kidogo chenye mota, giya na mkono mfupi. Mwongozaji aliye chini akisukuma kijiti, mkono ule husukuma au kuvuta waya unaogeuza pezi la mkia au la bawa. Ile ndogo aliyonionyesha ina uzito wa gramu 9 tu, na huweza kuhimili karibu kilo moja na nusu iliyoning'inizwa sentimita 1 kutoka kwenye kitovu chake. Nilimshauri anunue kubwa zaidi, maana upepo wetu hauna huruma. Akatikisa kichwa. Kubwa ya kawaida ina gramu 40 hivi. Ndege ndogo ikibeba nne za namna hiyo italemewa na watumishi wake kabla ya kulemewa na upepo. Iliyo dhaifu mno nayo itashindwa kugeuza pezi ndege ikienda kasi. Hupimwa mzigo kwanza, ndipo achaguliwe mchukuzi.

Hilo lilinielea upesi. Kilichonikosesha usingizi ni jambo jingine. Ndani ya sevo mna kipimo kinachoeleza mkono ulipo. Amri huja kama mara 50 kwa sekunde, na kila mara sevo hulinganisha: nimeambiwa niwe wapi, na niko wapi? Pakiwa na tofauti, hujirekebisha. Kikiharibika kipimo hicho, mota hubaki na nguvu zake zote, ila haijui pa kukomea.

Jina lake lina asili ya Kilatini, katika neno lenye maana ya mtumwa. Sisi nasi katika kutuma tumepata mtumwa, mtumishi na mtume. Katika yote matatu, ndugu msomaji, iko safari ya kwenda. Je, ya kurudi na jibu?

Nilipokuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, nilihitaji mwalimu wa kusimamia mabweni. Walikuwapo wawili: mmoja mkali, mwenye sauti iliyofika getini, mwingine mpole, mwenye tabia ya kuniletea habari nisizozipenda. Nikamteua mkali. Mabweni yakanyamaza, nami nikauita ukimya ule nidhamu. Usiku mmoja binti wa mwaka wa kwanza akashikwa na tumbo. Wenzake waliogopa kumgongea mwalimu mlango hadi alfajiri. Alifanyiwa upasuaji, akapona, lakini hakurudi tena kumaliza mafunzo.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mwalimu yule. Leo naona kwamba alifanya nilichomtuma. Mimi ndiye niliyechagua nguvu, nikamwacha aliyeweza kunirudishia habari.

Je, methali ile ni ya uongo? Sidhani. Jembe likiwa butu, anayetoka jasho ni mkulima mwenyewe. Basi na avumilie. Lakini unapochagua chombo, au mtu, atakayebeba usalama wa wengine, kuchagua ni wajibu, na uvivu wako ni deni ambalo mwingine atalilipa.

Siku ya tisa mjukuu wangu aliagiza sevo zake Dar es Salaam, zikaja kwa basi. Sikumkemea tena.