Kufuli la Aliyehama

Wanangu wa Kaikor, na ninyi mliojenga vyumba Lodwar na Kakuma, nina neno nanyi kabla hamjavunja kufuli jingine.

Siku hizi kijana akipata fedha haishii kununua mbuzi. Anachimba msingi, anapiga bati, anapata vyumba vinne vitano vya kukodisha. Ni jambo jema na nalisifu. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013 Lodwar imepanuka, walimu na wauguzi wametumwa hadi huku kwetu kaskazini, mashirika yanakuja na kuondoka, na kila mgeni anahitaji mahali pa kulaza kichwa. Lakini kujenga mmejua upesi kuliko kupangisha. Mpangaji akihama akaacha vitu, au akiwa kimya tu ikasemwa kwamba amehama, mwenye nyumba anavunja kufuli. Godoro linahamia kwake, mtungi wa gesi unauzwa, makaratasi yanawashiwa jiko. Ukimwuliza anakujibu, "Nilikuwa namdai, mzee."

Deni ni lako. Godoro si lako. Hayo ni mambo mawili, na mabaya yote nitakayoyataja yanatokana na kuyachanganya.

Ninyi ni watoto wa wafugaji, mnalijua hili bila kufundishwa darasani. Mbuzi wa mtu akiingia zizini mwako na sikio lake lina mkato usio wa kwenu, au ngamia akaja na chapa ya ukoo mwingine, emachar nyingine, humchinji kwa kuwa mwenyewe ana deni lako la mwaka juzi. Unamchunga pamoja na wako na unatuma habari. Mali ya Mturkana imesalimika kwenye ukame na uvamizi kwa sababu mtu aliweza kuwaachia rafiki zake wanyama wake, huyu watano, yule watatu, akaenda mbali, akarudi akawakuta wamezaa. Sufuria haina mkato sikioni, lakini unajua ni ya nani. Umempangisha mwenyewe, una jina lake na namba yake ya simu.

Tena msiwe wepesi kusema mtu amehama. Kaikor si Nairobi. Laga zikijaa, lori kutoka Lodwar linakaa upande wa pili mpaka maji yapungue. Simu inakosa mtandao, au inaibiwa njiani na namba inapotea nayo. Mwalimu amekwenda likizo kwao akaugua huko. Askari amehamishwa usiku kwa amri ambayo hakupewa nafasi ya kuijibu. Mfanyabiashara amevuka kuelekea Ethiopia au Sudan Kusini, mpaka ukachafuka nyuma yake. Mama amekwenda kujifungua. Katika miezi yote hiyo kodi haikulipwa, ni kweli, nawe una haki ya kuumia, kwa maana ulikopa saruji na bati na mkopo wako hausubiri. Siwaambii mpuuze kodi. Nawaambia kwamba kimya cha mtu hakijakupa ruhusa ya kuingia chumbani mwake.

Wako wanaosema, "Huyu harudi tena." Nimesikia neno hilo Kakuma mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Kambi ya wakimbizi ya pale ilianza mwaka 1992. Januari 2005 wakubwa wa Sudan walipotia sahihi mkataba wa amani, watu walianza kufunga virago kurudi kwao, na miaka iliyofuata wengi waliaga kabisa. Desemba 2013 vita vikalipuka Sudan Kusini, watu wakamiminika Kakuma kwa maelfu, na miongoni mwao walikuwamo walewale waliokuwa wameaga. Walirudi wakiwatafuta majirani zao wa zamani. Jirani aliyemtunzia mwenzake cherehani aliweza kumtazama usoni.

Na hapo ng'ambo ya Karamoja kuna jambo kubwa zaidi, ambalo sisi wazee tulilisikia likitokea. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke katika siku 90. Wakaondoka na masanduku machache, wakaacha maduka, nyumba, magari, hata vyombo mezani. Wanajeshi na rafiki za serikali wakagawiwa. Kila aliyepewa nyumba aliamini mwenyewe amekwisha, yuko Uingereza au Canada, bahari nzima iko katikati. Mwaka 1982 Uganda ikatunga sheria ya kuwarudishia mali zao, na katika miaka ya tisini wengi wakaja wakiwa na hati mikononi. Waliokaa mle kwa miaka ishirini wakaambiwa watoke, na migogoro ya nyumba zile imefika hadi karne hii. Kwa hiyo kijana anaponiambia mpangaji wa chumba cha bati amekwenda moja kwa moja, namjibu kwamba hata bahari na rais mwenye majeshi havikuweza kufuta umiliki wa mtu.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni makaratasi.

Niliitwa kusuluhisha shauri la mwalimu na mwenye nyumba wake. Mwalimu alikuwa amefungiwa miezi kadhaa na ugonjwa kwao, akarudi akakuta chumba kina mtu mwingine. Mwenye nyumba, kijana mwenye adabu kabisa katika mambo mengine, alikubali palepale kurudisha thamani ya godoro, meza na taa ya sola. Aliuza mbuzi, akalipa, na tukadhani tumemaliza. Kisha mwalimu akauliza kuhusu bahasha ya kaki iliyokuwa chini ya nguo ndani ya sanduku la bati. Kijana akanyamaza. Sanduku alilitaka kwa ajili ya kuhifadhia unga, na vilivyokuwamo vilimwagwa shimoni nyuma ya choo, vikachomwa na takataka. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kidato cha nne, barua ya kuajiriwa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili na kitabu cha kliniki cha mtoto mdogo. Kwa yule kijana zilikuwa karatasi. Kwa mwalimu ilianza safari ya kituo cha polisi kutafuta abstrakti, ya ofisi ya usajili Lodwar, ya barua kwa baraza la mitihani Nairobi, na kila safari ina nauli na ada yake. Mbuzi wa kulipa jambo lile hayupo zizini mwa mtu yeyote.

Mkikuta karatasi yenye jina, picha au mhuri, isichomwe. Kwa mkimbizi wa Kakuma hilo ni zito mara mbili, maana karatasi moja ndiyo inayothibitisha yeye ni nani, watoto wake ni akina nani, na shauri lake la kuhamishiwa nchi nyingine limefika wapi. Weka ndani ya mfuko wa plastiki, funga, mchwa na maji visifike.

Sasa sheria, kwa kuwa najua wengine mtasema mzee anahubiri tu. Mwenye nyumba Kenya anaruhusiwa kukamata mali ya mpangaji kwa deni la kodi. Ruhusa hiyo iko katika Sheria ya Sura ya 293. Lakini kukamata huko kunafanywa na dalali wa mnada mwenye leseni, kwa hatua zake. Hakufanywi na wewe na nyundo yako saa mbili usiku. Na kama ni nyumba ya kuishi ambayo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, Sura ya 296 inakutaka kwanza upate idhini ya baraza la kodi. Vyumba vingi vyenu haviko mbali na kiasi hicho. Angalieni pia moyo wa sheria zetu: hata mahakama ikishaamua kwamba mtu anadaiwa na mali yake ikamatwe, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaziacha nguo zake za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, vifaa vya kazi vya fundi, na hata mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hatenganishwi nayo. Wewe mwenye chumba kimoja umepata wapi mamlaka kuliko hakimu?

Kuna anayesema kwamba kilichoachwa kimeokotwa. Kanuni ya Adhabu humsamehe mwokotaji asiyemjua mwenye kitu na mwenye sababu nzuri ya kuamini kwamba hawezi kupatikana. Wewe jina lake limo kwenye daftari lako la kodi. Ukikiuza kitu chake na kutia fedha mfukoni, polisi hawatatafuta neno lingine la kukuita ila mwizi.

Nifanyeje basi, mzee, na chumba ninakihitaji? Swali hilo ni la haki, nami nalijibu kwa urefu.

Kwanza mtafute mwenyewe kwa bidii ya kweli. Piga simu, tuma ujumbe na uuhifadhi usifutike, uliza shule au zahanati alikofanya kazi, uliza mtu wa kwao. Mwambie kiasi cha deni na siku ya mwisho ya kuchukua vitu vyake. Asipopatikana, mwendee chifu umweleze kabla hujafungua. Mlango ufunguliwe mchana, mbele ya mzee wa kijiji na jirani mmoja, akiwapo mwanamke kama aliyepanga ni mwanamke, kwa sababu kuna nguo na vitu ambavyo havistahili kushikwashikwa na wanaume. Andika kila kitu kwenye daftari: sufuria tatu, moja haina mfuniko; jerikeni mbili za lita 20; godoro lililochanika upande mmoja; neti; viatu vya mtoto. Andika na ubovu wake, ili kesho msibishane. Pigeni picha. Mashahidi watie sahihi. Kisha viwekwe pamoja mahali pakavu pasipo mchwa, ndipo chumba kipangishwe. Kama kuhifadhi kunakugharimu, gharama hiyo iandike na uiweke pamoja na deni.

Vyakula vinavyooza mnaweza kuvitoa, mkaandika. Dawa zipelekwe zahanati, msigawiane. Na huku mpakani nisisitize jambo moja lisilo na mzaha: mkikuta bunduki au risasi kwenye mzigo, mtu asiiguse. Fungeni mlango, mmoja abaki nje, mwingine akamwite chifu na polisi. Kukutwa na silaha bila leseni ni kosa, na ukiihamishia kwako utakuwa umejitwika kosa la mwenzako.

Mkikuta ekicholong, kigoda cha mzee, iwekeni juu, mahali pa heshima, asiikalie mtu. Hilo sina haja ya kulieleza kwa mtoto wa Turkana.

Kuuza ni jambo la mwisho kabisa. Ipo Sheria ya Sura ya 38 kuhusu mali ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua, na matangazo yake yanatoka katika Gazeti la Serikali: gari limeachwa gereji, vyombo vimeachwa stoo, mwenyewe ametajwa kwa jina, amepewa muda, mara nyingi siku 30, alipe na achukue, la sivyo mnada. Kabla ya kuifuata kwa vitu vya mpangaji, uliza mahakamani Lodwar au Kakuma, au kwa wakili, kama inakuhusu. Lakini jifunzeni utaratibu wake: kila kitu kiko hadharani, muda umetolewa, na fedha zina hesabu. Mnada ukileta zaidi ya deni na gharama, ziada ni ya mwenye mali. Inamngoja.

Yote haya yangekuwa mepesi kama mngeandikiana mapema. Mpangaji anapoingia, chukua namba ya pili, ya ndugu yake, na muandike pamoja kwamba akikaa kimya kwa muda fulani nani aitwe na vitu viwekwe wapi. Amana ya nyumba mwisho wake itumikeje, iandikeni pia. Nanyi mnaopanga, msinisikilize kana kwamba nasema na matajiri peke yao. Ukiondoka, aga. Huna kodi, sema huna. Ujumbe mfupi wa simu ungewaokoa wengi aibu niliyoiona barazani.

Siku mwenyewe akija, mpe kiti na maji kwanza. Waite mashahidi walewale, fungua daftari, mkabidhi kimoja baada ya kingine, atie sahihi au dole gumba. Vitu vyake vikishakuwa mikononi mwake, ndipo umwulize deni. Akisema atalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, andikeni kiasi na tarehe. Akikataa, una daftari, picha na watu. Nenda kwa chifu, na usiporidhika nenda mahakamani. Kesi hiyo unaingia nayo ukiwa safi.

Na yupo kijana wetu mwingine ambaye hadi leo ana sanduku la muuguzi nyumbani kwake, naye anajijua. Alilete kwa chifu wiki hii, lilivyo, na kama alikwisha kulifungua aseme. Nitakuwapo, na nitaketi upande wake wakati wa kuandika daftari.