Wema Usio na Picha

Novemba 1970 kimbunga kiliua takriban watu 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Misaada ilikuja, lakini maiti hali wali. Baadaye wakajenga majengo ya kukimbilia, wakafundisha watu wa kujitolea kupita vijijini na vipaza sauti. Mei 2020 kilipopiga kimbunga Amphan, zaidi ya watu milioni 2 walishahamishwa. Waliokufa Bangladesh walikuwa makumi tu.

Vimbunga havifanani, sawa. Na mwenye njaa leo hashibi kwa onyo la kesho, kwa hiyo tutoe. Ila gunia la mchele lina mpokeaji na kamera. Aliyeondoka mapema hana picha. Basi tujiulize: tunataka watu wapone, au tuonekane tukiwaokoa?