Mwendo wa Mtu Si Ushahidi

Msomaji, umwonapo mtu akiyumba katika njia za Matuga, penye minazi mingi, huenda ukasema, "Amelewa tembo." Je, ni haki?

Ndani ya kisogo mna sehemu ndogo ya ubongo inayopima hatua zetu. Ulevi huivuruga, lakini hata maradhi ya kurithi huivuruga, na asiyeonja tembo maishani akayumba vilevile. Mwaka 2012 watafiti walieleza kwamba klozoksazoni, dawa ya kulegeza misuli, iliwapunguzia kuyumba panya wenye maradhi ya namna hiyo.

Panya si watu. Uchunguzi wahitaji subira. Iwapo wataalamu hungoja miaka mingi wapate hakika, mbona sisi twahukumu kwa kutupa jicho mara moja? Mshike mkono kwanza, asianguke, ndipo uulize.